Kidole chenye soda mdomoni mwa mtoto wa miezi miwili! Na aliyefanya hivi mnamjua

Mama wa Kimara (mtoa mada)

Wadau wa malezi, naandika mtoto yuko begani, wageni ndo kwanza wametoka getini, na udi aliojifukiza mtu fulani bado umejaa sebuleni kwangu.

Simtaji jina. Sina haja, mnamjua. Ni yule ambaye kwenye msiba anafika kabla ya turubai na kwenye harusi anaondoka baada ya wapishi. Anaingia nyumba yenye mzazi mikono mitupu, hata kipande cha sabuni hakubeba, halafu anaanza kukagua mapazia na kuuliza nani kapika. Kila ukoo una mmoja. Wa kwetu ndiye mwenyekiti wao taifa.

Leo kaja "kumuona mtoto". Sawa, karibu. Nikampakulia pilau, nikamwekea nyama za kutosha, nikamfungulia soda ya machungwa ya baridi. Kala kwa mkono, mafuta yakashuka mpaka kwenye bangili. Alipomaliza akasema, "Haya, nileteeni mume wangu nimuone."

Nikamwambia kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu: "Samahani, naomba unawe kwanza, mtoto bado mchanga." Mnajua alinijibu nini? "Kwani nimeshika mavi?" Sebule nzima ikacheka. Baba mtoto naye alicheka, tena yeye ndiye aliyecheka kwa sauti.

Akampakata. Mtoto akawa anachezesha mdomo, wanavyofanya watoto wote wa umri huu wakiwa macho. Mtu akasema anatamani. ANATAMANI! Mtoto ambaye hata shingo haijakaza vizuri anatamani soda! Basi akatoa kidole cha shahada, chenye ukucha wa bandia wa zambarau unaoweza kuzibua mtaro wa mtaa mzima, akakichovya kwenye glasi yake, akamtia mwanangu mdomoni.

Narudia kwa mliokuwa mnakoroga uji. Kidole. Chenye mafuta ya pilau. Chenye ukucha. Kikachovywa kwenye soda. Kikaingia mdomoni mwa mtoto ambaye tangu azaliwe hajaonja hata tone la maji ya kisima wala ya bomba.

Mtoto akakunja uso, akatetemeka. Watu hoi kwa kicheko. Mmoja akatoa simu akarekodi, na ninavyoandika hivi video iko kwenye grupu la ukoo, inamiminiwa makopakopa.

Nilipomchukua mwanangu ndo nikapewa hotuba. Eti sisi wa siku hizi tunalea kwa kusoma kwenye simu. Eti mtoto amekonda, maziwa yangu ni "maji matupu". Ndiyo, ni maji! Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, ndo maana mtoto hahitaji mengine hata kwenye joto hili la Dar linaloyeyusha ndala. Kliniki wanatuimbia kila tukienda: miezi 6 ya mwanzo ziwa tu, hakuna maji, hakuna uji, hakuna juisi. Mwanangu ametoka kupata matone ya chanjo ya rota ya wiki ya 6 ili asije akaharisha, ya wiki ya 10 yanakuja, halafu hapo katikati anaingiziwa ukucha uliotoka kushika noti, bomba la daladala na paja la kuku!

Kidole kile jamani. Nikifumba macho nakiona kinashuka kwenye glasi, kinapanda, kinadondosha tone kwenye shati la mtoto, kinaingia.

Sitaki ushauri. Nataka mniambie kwamba na nyie mngefura. Huyo mtu hakanyagi tena kwangu mpaka mwanangu aote magego. Uzi tayari.

Chumvi ya Mezani

Nimewahi siti ya mbele. Tiririkeni.

Mama Pacha

Kilemba kimekaa upande, dera la maua makubwa, anaongea huku anakushika goti? Basi ndiye huyo huyo. Kwangu alileta chupa ya maji ya mizizi, eti dawa ya mchango, nimpe kila mmoja kijiko asubuhi na jioni. Nikamimina kwenye ua. Ua lilikufa.

Mama wa Kimara (mtoa mada)

NDIYE! Na hamjasikia yote. Kabla ya kidole alimwekea mtoto sarafu ya shilingi 200 kiganjani, "hongera ya mume wangu". Mtoto wa miezi miwili! Angeimeza je? Lakini hiyo sarafu nimeitoa, imekwisha. Kidole sitakisahau.

Baba Watatu

Dada, mtoto kalamba soda, hajalamba sumu ya panya. Mimi nilipewa togwa sijamaliza hata arobaini na leo nina kilo 90, naendesha lori mpaka Tunduma. Punguza presha, mzazi akikasirika maziwa yanachacha.

Mama Pacha

Kilo 90, akili bado haijatimiza arobaini.

Binti Sayuni

@Baba Watatu hayo maziwa kuchacha kwa hasira ulisomea chuo gani? Ziwa halina friji wala halina hasira. Kinachokata maziwa ni mtoto kupewa vitu vingine akashiba, akaacha kunyonya. Ziwa lisiponyonywa linapunguza kutengeneza. Yaani hao hao wanaosema maziwa hayatoshi ndo wanaoyafanya yasitoshe.

Nesi wa Zamu

Mtoa mada pole. Umesema hutaki ushauri ila nitasema, maana wanaosoma ni wengi. Kwa siku hizi chache muangalie mtoto. Akiharisha, akitapika kila kitu, akikataa ziwa, akilegea, au mwili ukiwa wa moto, usimpe dawa ya kubahatisha nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, mtoto wa umri huo hasubiriwi mpaka kesho. Usimsugue ulimi kwa kitambaa wala ndimu, mnyonyeshe tu. Na hilo la kukonda lisikukoseshe usingizi: tazama kadi ya kliniki, mstari wa uzito ukipanda na mtoto akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, maziwa yanamtosha. Halafu kuna wanaolambisha asali. Asali hapana mpaka atimize mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu kali ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauviwezi.

Mama wa Kimara (mtoa mada)

Ahsante sana nesi, Mungu akubariki. Kadi yake mstari umenyooka kwenda juu, nimeipiga picha nikaituma kwenye grupu la ukoo chini ya ile video. Hakuna aliyejibu. Ila nesi, hujazungumzia ukucha.

Nesi wa Zamu

Ukucha mrefu unabeba uchafu kuliko kidole chenyewe, hasa huo wa kubandika. Hata sisi kazini haturuhusiwi kuwa nao.

Mama wa Kimara (mtoa mada)

MMESIKIA? UKUCHA!

Fundi Simu Kariakoo

Samahani mtoa mada, hiyo pilau ilikuwa na viazi?

Mama wa Kimara (mtoa mada)

Viazi vinahusu nini hapa? Nimesema kidole.

Mtanga Asilia

Vinahusu sana. Pilau bila viazi ni wali wa mafuta. Huenda mgeni aliona hajakirimiwa, akalipiza kwa mtoto.

Fundi Simu Kariakoo

Kiazi kinakunywa mchuzi wa nyama bure. Bora hiyo nafasi wangeongeza nyama.

Mhasibu Mchovu

Wewe una kidole, mimi nina bosi. Tena huyu naye mnamjua, yule wa "hapa ofisini sisi ni familia". Sheria inasema likizo ya uzazi siku 84, nikarudi siku zimetimia. Sheria hiyo hiyo inanipa mpaka saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Nimempelekea barua kwa heshima. Akaisoma mbele ya watu, akauliza, "Hizo saa mbili si uzitumie usiku?" USIKU! Kwani usiku nanyonyesha nani, mlinzi? Sasa nakamulia stoo, nimekaa kwenye boksi la karatasi, mguu nimezuia mlango, na kila mara kuna mtu anagonga anataka kalamu. Halafu mama yupo hapa analia kwa soda.

Mama wa Kimara (mtoa mada)

Pole, lakini bosi wako hajamtia mtoto wako kidole mdomoni.

Mhasibu Mchovu

Kanitia mimi jichoni.

Mama Pacha

Na sisi wa mapacha tukasema nini? Siku 100. Yaani mtoto wa pili thamani yake ni siku 16! Nazaa wawili, nanyonyesha wawili, wanalia kwa zamu usiku kucha, mmoja akinyamaza anamkabidhi mwenzake. Siku ya kurudi kazini nilipanda gari la Mbagala badala ya Posta, nikashtukia Rangi Tatu.

Baba Watatu

Siku 100 mnalia? Baba tunapewa siku 3. Ya kwanza niko hospitali nje, nimeshika ndoo na kanga. Ya pili nahangaikia pweza wa supu. Ya tatu ndo nakaa nimtazame mtoto anafanana na nani, simu inalia, gari linapakia.

Binti Sayuni

Baba Watatu leo umeongea. Sikutegemea.

Mkwe Asiyependwa

Mnaongelea likizo, mimi nimenyang'anywa jina. Miezi tisa nimebeba, upasuaji nimefanyiwa mimi, jina nimelichagua tangu mimba ina miezi minne. Siku ya arobaini anasimama mtu, simtaji, kiti chake kinakuwaga karibu na mlango, anatangaza kwa spika kwamba mtoto anaitwa jina la marehemu babu yake. Makofi! Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, ukoo mzima unaita jingine, na mtoto haitiki lolote.

Chumvi ya Mezani

Jina lenyewe la babu ni lipi tulipime.

Mkwe Asiyependwa

Siliandiki. Mkilisikia mtahama uzi huu wote muende kwenye la kwangu.

Mama wa Kimara (mtoa mada)

Jamani, turudi basi. Sasa hivi baba mtoto ameingia chumbani, amekaa pembeni ya kitanda, anasema mgeni amefika kwake na presha imepanda, nimpigie nimwombe radhi. MIMI! Niombe radhi kwa kuwa kidole chake kilikuta mdomo wa mwanangu njiani! Nimemuuliza, ingekuwa ni mtu wa upande wetu kafanya hivyo, ungecheka? Kanyamaza. Kachukua remote, kawasha mpira.

Mtanga Asilia

Nani anacheza?

Mhasibu Mchovu

Usiombe radhi. Andika kwa herufi kubwa, bandika mlangoni: NAWA MIKONO, MTOTO HAONJI KITU. Asiyejua kusoma asomewe na baba mtoto.

Mama Pacha

Hiyo naiunga mkono. Na ndoo ya maji na sabuni iwe hapo hapo mlangoni, tulivyofanya wakati wa korona. Wakati ule mbona walinawa bila kuuliza wameshika nini?

Mama wa Kimara (mtoa mada)

Hapo umenena, Mama Pacha. Walinawa mpaka viwiko! Kumbe wanajua! Sasa kile kidole kwa nini

Dada wa Mwanza

Samahani nawakatisha, kuna anayemjua dada wa kazi? Wangu kaondoka leo alfajiri na chaja yangu, mtoto ana miezi mitano, kesho naingia kazini saa moja kamili.

Binti Sayuni

Wangu anaaga kwenda Singida kumzika bibi. Bibi huyo tumeshamchangia rambirambi, akafufuka, sasa anakufa tena Krismasi.

Mkwe Asiyependwa

Wangu alikuwa mzuri sana ila alikuwa anampa mtoto chai ya rangi nikiwa kazini, eti anamuonea huruma ananiangalia nikiondoka. Nimegundua baada ya mtoto kukutwa na doa la chai kwenye bibu.

Mama wa Kimara (mtoa mada)

Umeona! Ni yale yale ya kidole! Kila mtu anajiona ana haki na mdomo wa mtoto wa mwenzake!

Fundi Simu Kariakoo

@Dada wa Mwanza chaja ya simu gani? Ninazo.

Dada wa Mwanza

Chaja baadaye kaka yangu, nitafutie mtu wa kushika mtoto.

Chumvi ya Mezani

Unalipa kiasi gani?

Dada wa Mwanza

Laki na nusu, kula na kulala, Jumapili anapumzika. Mtoto ni mmoja na halii sana usiku.

Mama Pacha

Mtoto mmoja, halii, kulala kupo, na Jumapili ni yako? Nitumie namba inboksi. Hawa wawili nawaachia baba yao, nakuja mwenyewe na basi la saa kumi na mbili.