Darasa la awali watoto 84, mwalimu mmoja. Naombeni mbinu

ticha_simiyu
Habari za jioni walimu wenzangu. Mimi nimefundisha darasa la tano miaka sita, mwezi wa kwanza mwalimu mkuu akanihamishia awali maana mwalimu aliyekuwepo kastaafu. Sijaja kulalamika, nataka kweli niwaweze hawa watoto. Kwenye rejista wapo 84, kwa siku wanakuja kama 70 hivi, niko peke yangu wakati mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 25. Madawati hamna, wanakaa kwenye jamvi.

Sasa naandika a e i o u ubaoni, wanaitikia mpaka darasa la jirani wanasikia, nikifuta nikaacha e peke yake nikauliza hii nini, kimya, au wananitajia a kwa sababu ndo huwa tunaanza nayo. Dakika kumi hazijaisha mmoja kalala, wawili wanagombania kisoda, wengine wako mlangoni wanaangalia mbuzi wanapita. Nikipaza sauti wanatulia kidogo alafu wanaanza upya, ikifika saa nne koo limekauka. Na zaidi ya nusu nyumbani kwao ni Kisukuma tu, kuna binti mmoja tangu Januari hajanitamkia neno hata moja, akitaka kwenda chooni anakuja kunivuta sketi. Nyie wenzangu mnafanyaje?

bibi_wa_chekechea
Pole mwanangu, na hongera kwa kuuliza. Mimi niko Morogoro, awali nimefundisha miaka 19, na mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza walinijia watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja kwa hiyo hali yako naijua vizuri.

Kwanza acha kufundisha wote 70 kwa pamoja, hiyo tabia umetoka nayo darasa la tano. Kipindi cha awali ni dakika 20 na hata hizo 20 mtoto wa miaka mitano hawezi kuzikaa akisikiliza tu. Wagawe makundi manne, yape majina wanayoyapenda, mimi nilikuwa na Simba, Twiga, Tembo na Pundamilia. Kundi moja liko na wewe kwenye jamvi karibu na ubao, la pili linapanga visoda na vijiti, la tatu linafinyanga udongo, la nne liko nje chini ya mti wanaandika kwenye mchanga kwa kidole. Ukipiga ngoma wanabadilishana. Wiki mbili za mwanzo usifundishe herufi yoyote, fundisha kubadilishana tu, wapi wanapita, visoda vinarudi kwenye kopo gani, nani ananawisha wenzake. Utaona kama unapoteza muda lakini hizo wiki mbili ndo zitakubeba mpaka Desemba.

Pili hiyo a e i o u ya kuimba, wanakuimbia tu wala hawasomi. Chukua sauti moja, kaa nayo siku mbili tatu. Ukifika m usiseme "ma" wala "em", funga midomo uvume mmmm, waambie waweke kiganja kwenye koo wasikie inavyotetema. Alafu muulizane, mama anaanza na sauti gani? Moto je? Mbuzi je? Hapo ndo uoneshe herufi. Kuna walimu waliosomea Montessori, ile mbinu ya mtoto kujifunza kwa kushika vitu, wanakata herufi kwenye msasa wanabandika kwenye boksi, mtoto anapitisha kidole huku anatamka, karatasi moja ya msasa inatoa herufi kadhaa na dukani haina bei kubwa.

Na sauti yako punguza. Mimi wakipiga kelele nilikuwa nanong'ona, "anayenisikia ashike pua", wawili watatu wa mbele wanashika, wa nyuma wanashangaa wenzao wanafanya nini, dakika moja darasa zima limeshika pua na wewe koo lako salama.

mwalimu_PP1
Mwalimu pokea salamu kutoka Kilifi, Kenya. Huku kwetu mtoto wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali, anaruhusiwa kufundishwa kwa lugha ya nyumbani, najua kwenu lugha ya darasani ni Kiswahili, lakini usimnyime kile alichokuja nacho. Huyo binti msalimie kwa Kisukuma asubuhi mlangoni, yeye peke yake, umeinama mko sawa kwa kimo. Usimlazimishe kujibu. Mpe kazi isiyohitaji maneno, kama kugawa vikombe vya uji. Mtoto anaweza kukaa miezi bila kusema na huku kila kitu anakisikia.

kalamu_nyekundu
Yote sawa ila tuseme ukweli, wazazi wanataka kuona daftari. Mimi nilijaribu hayo ya udongo na mchanga, mama mmoja akaja kuniuliza mbele ya watoto kama mwanae analetwa shule kuchezea matope. Mwishowe nikarudi kwenye kunakilisha.

bibi_wa_chekechea
@kalamu_nyekundu mwalimu hilo limenipata mara nyingi na linauma. Lakini mtoto ambaye vidole havijakaza ukimpa penseli anaishika kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, na akizoea hivyo kumrekebisha ni kazi ya mwaka mzima. Hayo matope ndo yanakaza vidole. Mimi wazazi niliwaita, nikawakalisha kwenye jamvi hilohilo, nikamwambia mtoto mmoja ahesabu. Akaimba moja mpaka ishirini bila kukosea, wazazi wakapiga makofi. Nikamwekea visoda vitano nikamwambia hesabu, akafika saba, mdomo umeutangulia mkono. Alafu nikachora mstari chini nikamwambia avivushe kimoja kimoja huku anataja, akapata tano. Wale wazazi walinyamaza, na wiki iliyofuata walileta visoda kiroba kizima.

ticha_simiyu
Nimerudi, wiki ya tatu sasa. Makundi wanabadilishana wenyewe, ila la udongo halitaki kuondoka hata nipige ngoma namna gani. Sauti ya m wameipata karibu wote, mpaka wanavizia watu barabarani wanawavumia.

Yule binti nilimpa kazi ya kugawa vikombe. Kila asubuhi namwambia "mwangaluka" ananiangalia tu. Juzi kikombe kimoja kilibaki bila maji, akaja hakunivuta sketi, akasema polepole "minzi". Nikamwambia ehe, minzi, maji. Nikachota nikampa. Jana kaja tena, kaninyooshea kikombe, "maji". Nimeshindwa hata kuendelea na kipindi kwa dakika mbili.

Bibi naomba uniambie, huo msasa ni ule wa mafundi seremala au kuna laini zaidi? Niliochukua hapa dukani unawakwaruza vidole.

bibi_wa_chekechea
Chukua ule laini kabisa wanaomalizia kabati. Na binti mwendelezee kazi ya vikombe, usimwondoe bado.