Datsun 240Z ya 1972: pampu ya mekanika au ya umeme? Na tangi nifanyeje?

ZediNgong
Habari zenu wakuu. Nina 240Z ya 1972, injini yake ile ile ya L24, kabureta mbili za Hitachi ilizozaliwa nazo. Ililala gereji miaka mingi kabla sijaichukua. Hapa Nairobi mjini inatembea vizuri. Shida ni mlima. Nikielekea Limuru inaanza kukosa nguvu, inakohoa, mwisho inazima. Nikiipumzisha kidogo inawaka na kuondoka kana kwamba haikuwa na lolote.

Fundi wangu anasema pampu imechoka. Sasa nina njia tatu mbele yangu: pampu mpya ya mekanika kama ya zamani, pampu ya umeme kule nyuma karibu na tangi, au niondoe kila kitu niweke kabureta tatu za Weber na pampu ya umeme (hili la mwisho ni la marafiki zangu wapenda mbio). Mipira ya mafuta nayo imekauka na kupasuka. Nataka gari la wikendi, sina mpango wa mashindano. Aliyepitia haya anisaidie.

MzeeWaL24
Weber tatu kwa ajili ya kwenda Naivasha kula samaki? Kila mwenye 240Z nchi hii anajiona Edgar Herrmann wa 1971 au Shekhar Mehta wa 1973, walioshinda Safari Rally kwa 240Z. Zile kabureta za Hitachi ni muundo wa SU (zile za Kiingereza), ziko mbili tu, na mtu mwenye subira anazisawazisha mwenyewe kwa mchana mmoja. Weber ni tatu, kila moja ina koo mbili, na kila koo lina jeti zake, yaani vitundu vya kupimia petroli. Nairobi hii fundi wa kuzipanga wapo wa kuhesabu. Ukitaka sauti tamu, sawa, ila usiseme unatibu ugonjwa wa mlima.

Kuhusu pampu: rudisha ya mekanika. Inachokozwa na kemshafti (shafti inayofungua vali) pale mbele ya kichwa cha injini, injini ikizima nayo imezima. Hakuna waya wala fyuzi. Presha yake ni kama psi (ratili kwa inchi ya mraba) 3 na nusu hadi 4, ndiyo hizo kabureta zinayoitaka.

Umeme_Mombasa
Mzee shikamoo, lakini hapo tutabishana. Pampu ya mekanika iko mbele, juu, kando ya injini inayochemka. Inavuta petroli kutoka nyuma kabisa ya gari. Ukivuta petroli unaipunguzia presha, na petroli yenye presha ndogo na joto inageuka mvuke upesi. Ongeza urefu wa Limuru, zaidi ya mita 2,000, ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Pampu inabaki kupiga mvuke, kabureta zinakauka. Ukipumzika, petroli inapoa, gari linawaka. Si ndiyo dalili aliyoieleza?

Pampu ya umeme ikikaa chini karibu na tangi inasukuma badala ya kuvuta. Mimi nimefunga Facet, ile ya mraba inayotikatika, na joto la Pwani halijawahi kunisimamisha.

MzeeWaL24
Marahaba. Na ukigonga mtu barabarani gari likapinduka, hiyo inayotikatika inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Waambie na hilo.

Umeme_Mombasa
Ndiyo maana haifungwi moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Ipitishe kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na rilei iamrishwe na swichi ya presha ya oili. Oili ikikosa presha, pampu inakata. Kisha ongeza swichi ya mshtuko, inayokata umeme gari likigonga. Land Rover na Ford nyingi zinazo, ukienda kwa wauza spea za mitumba utaipata imekaa tu. Kazi ya waya ni ya asubuhi moja.

Onyo kwa ZediNgong: usiuziwe pampu ya gari la EFI (lisilo na kabureta, petroli inapulizwa kwa umeme) kwa kuwa inaingia na ni rahisi. Ile inasukuma psi 40 na zaidi. Vali ya sindano inayofunga petroli kwenye kabureta haiwezi kuizuia hata dakika, petroli itafurika juu ya manifoldi. Hata zile za kabureta zinazouzwa bila jina nyingine zimeandikwa psi 5 hadi 9, hizo zinataka regulaita ya kupunguza presha.

Tangi_Ilala
Ndugu zangu, mnabishana pampu na mwenye gari hajafungua hata filta. Gari limelala miaka, tangi ni la bati. Mimi ningeanza na mambo haya kabla ya kununua chochote.

Kwanza, likizima mlimani fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi linavuta hewa kwa nguvu na gari linapona papo hapo, basi njia ya hewa imeziba na hakuna pampu ya dunia itakayokusaidia. 240Z ina mipira kadhaa ya mvuke kule nyuma, inakwenda kwenye kitangi kidogo kilichofichwa ubavuni. Ikipondeka au ikiziba, tangi halipumui.

Pili, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, ondoa waya wa koili, mtu apige starta. Petroli itoke kwa mapigo mazito. Ikianza vizuri kisha ikalegea, kuna kitu kinazibwa nyuma. Ikiwa nyembamba tangu mwanzo, hapo ishuku pampu.

Tatu, chomoa kijiti cha oili unuse. Diaframu (utando wa ndani) ya pampu ya mekanika ikitoboka, petroli inaweza kushukia kwenye oili. Ikinuka petroli, usiwashe tena mpaka ubadilishe pampu na oili.

Dada_Gasketi
Nafuatilia. Yangu ni 260Z na inanuka petroli ndani mpaka abiria wanalalamika.

Tangi_Ilala
Dada, anza na mipira ile ile ya mvuke na mpira mnene wa mdomo wa kujazia. Kama harufu ni ya moshi zaidi kuliko petroli mbichi, angalia raba ya mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma. Gari hizi zikitembea zinanyonya moshi wa ekzosi kupitia hapo.

ZediNgong
Nimerudi na majibu. Kifuniko: hakuna kuvuta hewa. Oili: hainuki. Chupa: ilianza kwa nguvu kabisa, baadaye ikalegea ikawa uzi. Filta niliikata, ndani kuna unga wa kahawia kama ugoro. Nikafungua boliti ya kumwagia chini ya tangi, kilichotoka sitaki hata kukieleza.

MzeeWaL24
Basi kesi imekwisha. Pampu yako nzima, inanyimwa chakula. Mlimani injini inataka mafuta mengi, uchafu unavutwa unaziba mdomo wa bomba. Ukizima unaanguka chini, njia inafunguka.

Umeme_Mombasa
Nakubali, safari hii. Na pampu ya umeme ingekufa mapema zaidi kwa huo unga.

ZediNgong
Sasa tangi. Nimeambiwa: kuchemshwa kwa mafundi wa rejeta, kupakwa rangi ya ndani, au kutengenezewa tangi jipya la alumini.

Tangi_Ilala
La alumini ni zuri ila lazima lifuate umbo la sakafu, mdomo wa kujazia, geji, bomba la kurudisha mafuta na njia zote za mvuke. Wengi wanaotengeneza wanasahau hizo za mvuke. La bati lako kama halijatoboka lisafishe.

Rangi ya ndani mimi siiamini kwenye tangi lenye vyumba usivyoviona. Ikipakwa juu ya kutu au mafuta inabanduka vipande, na vipande hivyo ni vibaya kuliko kutu, kwa sababu haviyeyuki wala havipiti.

Njia niipendayo ni umeme na magadi. Toa geji, ziba matundu, safisha kwa sabuni mpaka harufu ya petroli iishe kabisa. Jaza maji yaliyokorogwa magadi. Ning'iniza kipande cha chuma cha kawaida ndani kisiguse tangi. Chaja ya betri ya kizamani: hasi kwenye tangi, chanya kwenye kile kipande. Ukigeuza, unalila tangi lenyewe. Fanyia nje, maana inatoa haidrojeni, na zima chaja ukutani kabla ya kugusa kibanio chochote. Usitumie stenlesi, inaacha sumu ya kromu kwenye maji. Baadaye suuza, kausha kwa hewa ya moto, na utie petroli mara moja. Bati lililosafishwa linashika kutu mpya ukiliangalia.

Na kama lina tundu, asiguse mtu kwa moto kwa sababu eti ni tupu. Tangi tupu la petroli linalipuka kuliko lililojaa, mvuke umeshachanganyika na hewa. Mafundi wazuri wa rejeta wanalichemsha kwanza, nawe hakikisha umeona kwa macho.

Sharja_Spea
Niko Sharja, nashughulika na spea za Wajapani wa zamani. Kuhusu mipira: inunue ya milimita 8 kwa kwenda na 6 kwa kurudi, iliyoandikwa J30R9, alama ya daraja la mpira. Ile ya R7 inafaa kwa kabureta ila inachoka upesi zaidi. Klipu chukua zile zenye ukingo laini, za mkanda wenye meno zinakata mpira. Pampu ya mekanika yenye skrubu pembeni ibakize hata ikifa, inafunguka na kubadilishwa diaframu. Nyingi za kisasa zimebanwa, zikiharibika ni za kutupa.

ZediNgong
Asanteni sana. Nasafisha tangi kwa magadi, mipira yote mipya, filta moja kabla ya pampu, pampu ya zamani inabaki. Ya umeme nitaifikiria nikianza kushuka Mombasa. Kabureta je, nipunguze mafuta? Plagi ni nyeusi.

MzeeWaL24
Subiri. Puliza kwanza bomba zote mbili za chuma kwa hewa, kutoka mbele kwenda nyuma, tangi likiwa nje. La kurudisha likiziba, presha inapanda na kabureta zinafurika. Kisha fungua bakuli za kabureta zote mbili, huo unga umeshafika huko, na vali ya sindano isiyofunga inatia plagi weusi vilevile. Hapo ndipo uguse skrubu za chini ya kabureta, zinazopanga kiasi cha petroli. Nairobi hewa imepungua karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Pwani, kwa hiyo kupunguza kidogo ni halali. Ukishuka Mombasa, zirudishe ulipozikuta, kwa hiyo andika mizunguko kabla hujaanza.