Skechi nyeusi tii, lakini ukigusa kipimo kimoja kila kitu kinavurugika. Acheni hizi!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, mnivumilie. Ni kuhusu skechi, ile michoro bapa inayozaa modeli ya 3D; kwenye SolidWorks ikishafungwa kwa vipimo vyote mistari inakuwa nyeusi.

Mtu anakutumia faili la SolidWorks (programu ya kusanifu 3D), flanji ya DN80 PN16, yaani pete ya kuungia bomba kwa bolti, DN ni saizi ya bomba na PN ni daraja la presha: kipenyo cha nje mm 200, matundu 8 ya mm 18. Bomba limebadilika, sasa inatakiwa DN100. Modeli ikiwa imechorwa kwa akili, hiyo kazi ni dakika mbili: 200 iwe 220, duara la bolti (linalopita katikati ya matundu) 160 liwe 180, panua tundu la katikati, basi. Fungua skechi sasa. Matundu manane yamechorwa moja moja, kila moja na X na Y yake: 73.91 kwa 30.61, kisha 30.61 kwa 73.91, hivyo hivyo mpaka zinatimia namba 16! Hiyo 160 imeandikwa wapi? Na nani atajua kwamba bolti hazitakiwi kukaa juu ya mstari wa katikati?

Ukiuliza unajibiwa, "Mbona skechi ni nyeusi?" Nyeusi maana yake haisogei tu. Nia ya msanifu haimo. Kile kitufe cha kujaza vipimo vyote kwa mkupuo kinaweza kugeuza hata takataka ikawa nyeusi.

Chora duara la kusaidia kwenye orijini (sehemu ya sifuri), mm 160, kipimo kipe jina PCD, yaani kipenyo cha duara la bolti. Weka tundu moja, nyuzi 22.5 kutoka mstari wa wima, kisha lizungushe mara 8 kwenye nyuzi 360. Likate lipenye lote, usiandike kina 20. Unene ukipanda hadi 24, tundu lako linabaki limeziba mm 4, na ukitazama upande ulikoanzia unaona tundu zuri kabisa.

Fileti (kona za kuviringisha) ni za mwisho! Ukiiweka hatua ya pili kisha ukaning'iniza skechi kwenye ukingo wake, atakayeifuta hiyo fileti ataona mti mzima wa hatua za modeli umewaka nyekundu kwa makosa. Wa FreeCAD (programu ya bure ya kazi hiyohiyo), toleo 1.0 la Novemba 2024 limepunguza ule ugonjwa wa nyuso kubadilishiwa namba modeli ikibadilika, skechi zilizoshikwa hapo zikapotea; halijaumaliza. Fungeni skechi kwenye plani za orijini, zile bapa za msingi zisizobadilika.

Na wewe wa "nimekutumia STEP (faili la kubadilishana kati ya programu), ni ileile". Si ileile. STEP mnazotuma zinabeba umbo tu. Hatua, majina ya vipimo na fomula vimebaki kwenye kompyuta yako. Tuma na faili asilia.