Feni ya pawa saplai: kuitia mafuta, kuibadilisha, au kununua pawa saplai nyingine?

Mwalimu_Masindi
Ndugu mafundi, shuleni kwetu tuna kompyuta sita za mezani ambazo feni za pawa saplai (kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) zimeanza kukoroma, na moja imekwama kabisa, hata kompyuta yake hujizima baada ya nusu saa ya kazi. Vumbi jekundu la barabara ndilo ninalolishuku. Mmoja ameniambia nizitie mafuta, mwingine ninunue feni mpya, na wa tatu anasema nitupe pawa saplai zote. Naomba mzilinganishe njia hizi kwa hoja, kwa kuwa fedha ni za shule na nitaulizwa.

Fundi_Jinja
Mwalimu, njia mbili za kwanza zinakutaka ufungue kasha la pawa saplai, kwa hiyo nianzie hapo. Umeme wetu ni wa volti 240, na ukishageuzwa kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ndani ya pawa saplai, kapasita kubwa (vihifadhi chaji) za upande wa kuingilia huweza kushika volti zaidi ya 330, na katika baadhi ya miundo hukaribia 400, chaji ambayo inaweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Chomoa waya, acha kasha likae kwa saa kadhaa, kisha pima miguu ya kapasita kwa multimita kabla ya kugusa chochote. Usizimalize chaji kwa bisibisi, kama nilivyowahi kufanya nikiwa mwanagenzi, nikapoteza bisibisi na nusura nipoteze jicho.

Kuhusu mafuta: yanafaa kwa feni ya bushi (ambayo mhimili wake huzunguka ndani ya kipete, bila gololi) iliyokauka tu. Bandua kibandiko cha katikati, tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, wala si mafuta ya kupikia, ambayo hugandamana. Lakini ukiushika ubawa ukaona unachezacheza, bushi imelika, na mafuta yatakupa muda mfupi tu.

Dada_Entebbe
Mimi nipo upande wa feni mpya, ila watu wengi hununua kwa kutazama upana peke yake. Pima milimita, iwe 80 au 120, na unene pia, kwa maana 25 haiingii palipojengwa kwa ajili ya 15. Iwe ya volti 12, na ampea zake zisipite sana za ile ya zamani. Angalia mwelekeo wa upepo kabla ya kuitoa ya zamani, kwa sababu ile kubwa iliyolala juu ya saketi kwa kawaida huvuta hewa kuiingiza ndani, ilhali ile ndogo ya nyuma huitoa nje. Chagua ya beringi za gololi ukiipata, kwa kuwa ya bushi ikilazwa huchakaa upesi zaidi.

Lililonisumbua mimi ni jingine kabisa. Soketi ya ndani ilikuwa ya pini mbili na feni yangu ilikuwa na pini tatu, nikakata waya wa zamani pamoja na kichwa chake, nikaunga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, nikalehemu na kufunika kwa mpira wa kuhami. Nilipowasha, haikuzunguka! Kumbe pawa saplai nyingi hupunguza volti za feni wakati kungali baridi, na feni yangu haikuweza kuanza kwa volti 5. Ijaribu kwanza mezani kwa volti hizo.

Mzee_wa_Nasser
Dada, kazi yako ni safi, lakini hujamuuliza Mwalimu feni ile ilikaa imekwama kwa muda gani. Joto huzila kapasita. Kichwa cha kapasita kikiwa kimevimba au kinavuja, feni mpya ni sawa na kumvisha maiti koti. Mimi hununua pawa saplai nyingine.

Fundi_Jinja
Mzee wangu, kuhusu ile ambayo kapasita zake zimevimba, nakubali. Hata hivyo, pawa saplai mpya ya bei ya chini, nyepesi mkononi, yenye wati nyingi zilizoandikwa kwenye karatasi tu, siipendi kuliko ya zamani iliyo nzito na yenye feni mpya. Isitoshe, kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zina umbo na plagi za pekee, na ya kawaida ya dukani haiingii. Mwalimu atazame hilo kabla ya kulipa.

Mwalimu_Masindi
Asanteni. Nimezifungua zote leo, baada ya kuziacha bila umeme tangu juzi na kupima. Ile iliyokwama ina kapasita mbili zilizovimba, nayo naiombea nyingine, ingawa plagi yake ni ya aina hiyo aliyoitaja Fundi. Tatu zilikuwa kavu tu, nimezitia mafuta, na zimetulia. Mbili zilizobaki ubawa unachezacheza; ni za milimita 80, unene 25, pini mbili. Dada, hiyo feni ya gololi uliipata Kampala au huko huko Entebbe?