Uzito wa mtu kutoka fupa la paja: fomula mbili, majibu mawili

Anatomia_Moshi: Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa zoezi la wanafunzi hapa Moshi. Tuna fupa moja la paja la mtu mzima, jinsia haijulikani, na kichwa cha fupa hilo (tufe la juu linaloingia kwenye nyonga) kina kipenyo cha milimita 44. Fomula ya kukadiria uzito ya mtafiti McHenry (1992) inatoa kilo 58.6, ya Grine na wenzake (1995) inatoa 63.3. Tuandike ipi?

Kalipa: Hesabu zote ziko sawa, mkuu.
McHenry: 2.239 × 44 − 39.9
Grine: 2.268 × 44 − 36.5
Tofauti imeletwa na watu waliopimwa kuzitengeneza. Ya McHenry inawafaa wenye maumbo madogo, ya Grine wenye miili mikubwa. Kwa wa katikati kama huyo, weka na ya Ruff (1991): (2.160 × 44 − 24.8) × 0.90 = 63.2. Hiyo 0.90 ni punguzo la unene wa Wamarekani waliopimwa. Wastani wa zote tatu ni 61.7, andikeni "kilo 62 hivi". Desimali hapo ni mapambo tu.

Mtaa_wa_Boma, Arusha: Hiyo 44 mliipataje? Kipenyo kinachotakiwa ni cha juu-chini, si mbele-nyuma, kwa kifaa cha kalipa (chenye taya mbili zinazobana kitu kinachopimwa), siyo rula wala utepe wa fundi cherehani. Zungusha kalipa taratibu mpaka upate namba kubwa kabisa, rudia mara tatu. Ukikosea milimita moja, jibu linahama kwa kilo 2 hivi. Papaseni pia ukingo wa kichwa: wazee wenye ugonjwa wa viungo huota vinundu vya mfupa, na kalipa ikikaa juu yake mmempa marehemu kilo ambazo hakuwa nazo. Mfupa ulioungua nao husinyaa, usitumike.

Anatomia_Moshi: Asante. Na kama alinenepa ukubwani?

Kalipa: Hapo kichwa hakikwambii kitu. Ukubwa wake hufungwa ukuaji unapokoma, kwa hiyo unachokadiria kiko karibu na uzito wa umri wa miaka 18. Kuta za shina la mfupa (sehemu yake ndefu ya katikati) huendelea kubadilika na mzigo, ila kazi ngumu na kutembea sana navyo huzinenepesha, usizitumie kusema mtu alikuwa bonge.

Mkipata nyonga nzima, pimeni upana wake kwa sentimita, zidisheni kwa 1.17, toeni 3. Kisha kwa mwanaume: 0.422 × urefu wa mtu kwa sentimita + 3.126 × upana uliopatikana − 92.9. Mwanamke ana fomula yake, kwa hiyo jinsia ijulikane kwanza.