Kucheza michezo chuoni ni kusoma ugavi, au wazee tunaliwa ada?

Kibandamaiti1: Jamani nauliza. Mdogo wangu anasoma ugavi chuo kimoja hapa Unguja, juzi anasema kipindi kizima wamecheza. Wamepangwa wanne wanne, mmoja rejareja, mmoja jumla, mmoja msambazaji, mmoja kiwanda, hakuna kusemezana, kila raundi unaandika oda kwenye kikaratasi unampa wa juu yako. Ndo elimu hiyo?

MwalimuMstaafu: Ndo yenyewe. Mchezo huo umetoka chuo cha MIT Marekani, kwa kina profesa Jay Forrester, zamani hiyo miaka ya 1960 kama sikosei ama kabla kidogo. Mteja ananunua kreti 4 kila wiki, wiki ya 5 anapanda 8, habadiliki tena mpaka mwisho. Lakini mzigo unakawia njiani, basi wa rejareja anaona stoki inakwisha anapaniki anaandika 15, wa jumla kwa woga anaandika 25, kiwanda ndo kinapagawa kabisa, mwishoe kila mtu kajaa mzigo hauna mnunuzi. Unaitwa mchezo wa bia.

BintMkunazini: BIA?? Watoto wa Kiislamu wanahesabishwa kreti za bia na nyie mnachekelea?

MwalimuMstaafu: Dada hainywewi, vikaratasi tu hivyo.

BintMkunazini: Hata kama! Hawajaiona juisi ya ukwaju?

MtuWaWete: Ukwaju unachacha kabla oda haijafika, wekeni mchele. Halafu Mpemba hafunzwi duka kwa vikaratasi yakhe, nendeni Kariakoo mkatazame wenye maduka ni kina nani.

Kibandamaiti1: Turudini kwenye mada basi

DarajaniJumla: Mpemba usijisifu. Shaaban ikiingia nyote mnaagiza tende kwa mpigo, hakuna anayemuuliza mwenzake, meli ikichelewa mnasahau ile oda iko baharini mnaongeza nyengine juu yake, Idi ikipita tende bei ya kutupa. Si mchezo huo huo, ila nyie mnachezea pesa zenu?

MwalimuMstaafu: Umenena. Na kule mchezoni kreti ikilala ghalani inakula nusu dola kwa wiki, ukikosa cha kumpa mteja unakatwa dola nzima, ndo maana watu huona bora wajaze.

MtuWaWete: Nani kakwambia mie natupa tende?? Zangu zinakwisha kabla ya mwezi ishirini na saba. Kontena likikwama bandarini hilo nalo kosa langu?

DarajaniJumla: Na deni langu la mafuta la mwaka jana, nalo limekwama bandarini?