Mvua, upepo na baridi ya Goma… na nani kati yetu amewahi kushika theluji? Tupeane uzoefu

Binti_Himbi
Jamani, hii ni wiki ya tatu. Ikifika saa nane mchana mawingu yanafunga, upepo unapanda kutoka ziwa Kivu, mabati yanaanza kupiga kelele, halafu umeme unakwenda. Nguo hazikauki. Unifomu ya mtoto nimeikausha juu ya mbabula, jiko letu la makala (makaa), ameenda shule ananuka moshi.

Kilichonifanya niandike ni asubuhi ya leo. Mvua ilikatika alfajiri, nikatoka kwenye saa kumi na mbili kuanika, nikainua macho upande wa milima: Karisimbi ilikuwa nyeupe kichwani! Nyeupe kabisa, kama mtu amemwaga unga. Nikamwita mtoto, nikaita majirani. Haikupita hata nusu saa wingu likafunika. Marehemu papa (baba yangu) alituambia jina la mlima linatokana na isimbi, ile kauri nyeupe, kwa sababu wazee waliuona hivyo hivyo.

Nina miaka 34, theluji naiona kwa macho tu, mkono haujawahi kufika. Kama ni lazima tulowe hivi na kutetemeka hivi, siku moja basi ianguke hapa chini na sisi tuiguse. Leteni zenu: siku mvua au upepo ulipokutesa zaidi, na kama umewahi kuona theluji, sema ilikuwaje.

Motari_Ndosho
Jana pale Signers upepo ulinivua koti la mvua mwilini, nikiwa na mteja nyuma. Tulilowa wote wawili mpaka soksi.

Mama_Deux_Fois
Kweli kabisa. Mimi nina watoto watatu na wote wanakohoa.

Mvuvi_Kituku
Upepo wa nchi kavu bado una huruma. Sisi wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, tunatoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu uko katikati, taa zinawaka kuita samaki. Usiku mmoja wa mwezi wa 11 ziwa lilikuwa limelala kama mafuta. Kwenye saa nane ya usiku nikasikia baridi shingoni, na mzee wetu akasema neno moja tu: “Vuteni.” Hatukuwahi kumaliza kuvuta. Upepo ulikuja na mvua ya mawe, taa mbili zikazimika, mti mmoja wa kufungia mitumbwi ukavunjika katikati. Mtumbwi wa kushoto ukaanza kutuacha na ndani yake kuna mdogo wangu. Nilimshika kwa kamba ya wavu. Kamba ilinichana viganja vyote viwili, alama ninazo hadi leo. Tulitupa samaki wote majini tukakaa tunachota maji kwa sufuria mpaka kulipokucha.

Na mnakumbuka Oktoba 2024, ile boti iliyotoka Minova ikazama hapa hapa Kituku, watu wanaitazama kutoka ufukweni. Mimi nilikuwepo. Tangu siku hiyo mawimbi yakianza kupiga mawe usiku, siwezi kulala.

Binti_Himbi
Pole sana papa. Sikujua.

Kasapard_Lshi
Mweye ba Goma munalia bure. Baridi njo ya huku kwetu Lubumbashi! Mwezi wa 6 na wa 7 usiku inashuka mpaka digrii 7, siku zingine chini ya hapo. Mvua hakuna hata tone, ni upepo mkavu, midomo inapasuka, ngozi inakuwa ya kijivu. Nimeona asubuhi moja mabondeni, nje ya mji, majani meupe kwa umande ulioganda. Ninyi digrii 15 munaita baridi?

Motari_Ndosho
Kaka, digrii 7 ukiwa mkavu na digrii 15 ukiwa umelowa juu ya moto (pikipiki), havilingani. Njoo upande moto na mimi saa moja ya mvua, kisha tuongee.

Kasapard_Lshi
Na wewe njoo ulale Kasapa mwezi wa 7 bila blanketi.

Shitingi_Bulengo
Mnabishana digrii. Mimi nimelala kambi ya wakimbizi ya Bulengo chini ya shitingi (turubai) na watoto wanne. Ardhi pale ni mawe ya volkano, kigingi hakiingii, unafunga shitingi kwa kamba na mawe. Usiku mmoja upepo uliichukua yote, ikaruka kama ndege. Tulisimama tumeshikana mpaka asubuhi, mtoto mdogo nimemweka ndani ya kitenge tumboni.

Mama_wa_Katindo
Nimesoma hapo juu mambo ya kukausha nguo kwa mbabula, mikono ikaanza kutetemeka. Naomba mnisikilize, sijawahi kuandika jambo hili.

Ilikuwa mwezi wa 4, mvua kama hizi hizi. Tulikuwa tumepanga nyumba ya mbao, chumba na sebule. Upepo ulikuwa unaingia kwenye nafasi za mbao, basi mchana ule mimi mwenyewe nilikuwa nimeziba zote kwa magazeti na vipande vya kitambaa. Nilijisifu. Nilimwambia mume wangu leo tutalala kama watu. Jioni nikapika sombe, makala yakabaki mekundu mazuri, nikaona hasara kuyazima. Nikaingiza mbabula ndani, nikafunga mlango. Tulikuwa sita: sisi wawili, watoto watatu na mdogo wa mume wangu, msichana wa miaka 16 aliyetoka Walikale kuja kusoma.

Joto lilikuwa tamu. Watoto walilala mara moja. Mimi kichwa kilianza kuuma, nikasema ni uchovu. Usiku nikaamka nataka kutapika. Nikajaribu kusimama, miguu haipo. Siyo kwamba iliuma, haikuwepo. Nikamwita mume wangu, sauti haitoki. Nikaanguka, na katika kuanguka mkono ukagusa mbabula. Tazama, ule moto ulionichoma ndio uliotuokoa, maana uchungu wake ulinipa nguvu ya kutambaa mpaka mlangoni. Niliupiga mlango kwa kichwa. Jirani mmoja alikuwa ameamka kupanga bidoni chini ya bati, akasikia.

Walitutoa mmoja mmoja wakatulaza kwenye mvua. Ile mvua niliyoilaani wiki nzima, ndiyo iliyotuzindua. Watoto wangu wote watatu waliamka. Mume wangu aliamka kesho yake hospitalini. Shemeji yangu hakuamka.

Ninaishi na magazeti yale. Kila mvua ikinyesha naona mikono yangu inaziba nafasi za mbao. Wenzangu, kulala na baridi ni afadhali.

Binti_Himbi
Mama, nimelia. Ile mbabula ya unifomu nimeitoa nje sasa hivi.

Mama_Deux_Fois
Mungu ampumzishe huyo binti. Mama, pole, pole, pole.

Kasapard_Lshi
Mama, samahani kwa kelele zangu za digrii. Huku kwetu pia kila baridi ikifika watu wanaingiza mbabula ndani. Nawapigia wazazi usiku huu.

Fundi_Majengo
Pole mama. Lakini mimi naona ile ilikuwa mazuku. Katindo ina mashimo, na mazuku yanapenda usiku. Dawa ni kulala na mshumaa chini sakafuni. Ukizimika, kimbia.

Infirmier_Keshero
Papa, mimi muuguzi nasema hapana, na neno hili linaweza kuua mtu. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, inakaa kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Ndiyo sababu inaua mbuzi na watoto wadogo kwanza. Hapo kweli moto unazimika. Gesi ya makala ni nyingine, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, inajaa chumba chote, juu na chini. Mshumaa utaendelea kuwaka vizuri huku wewe unakufa.

Fundi_Majengo
Wazee wetu walitumia mshumaa miaka yote.

Infirmier_Keshero
Kwa mazuku. Sibishani na wazee. Nasema kwa makala mshumaa hausaidii.

Mama_Deux_Fois
Na maziwa? Mimi nilifundishwa kumpa maziwa mtu aliyevuta moshi.

Infirmier_Keshero
Aliyezirai asinyweshwe chochote mama, kitaingia mapafuni. Mtoe nje kwenye hewa, mlaze ubavu, mkimbize hospitali apewe oksijeni. Na kichwa kikiuma watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, msiseme malaria. Tokeni nje kwanza.

Fundi_Majengo
Nimeelewa. Nafasi za mbao nitazidi kuziba kwa wateja, ila juu karibu na paa nitaacha wazi. Hilo tukubaliane.

Infirmier_Keshero
Acha wazi, lakini mbabula ibaki nje.

Koko_wa_Bukavu
Sisi Bukavu mvua inatuchukulia nyumba. Kadutu nyumba zimepanda mlima, moja juu ya nyingine, mvua ikikaza unasikia udongo unasogea usiku kama mtu anavuta gunia. Na upepo wa kiangazi ukikutana na moto kwenye mbao, avenue nzima inakwisha. Mei 2023 huko Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, maji yalishuka na watu zaidi ya 400 wakafa. Nilikuwa na shoga yangu wa soko Nyamukubi, tulikuwa tunauziana mafuta ya mawese. Hata kitambaa chake hakikupatikana. Dawa yangu mimi ya baridi ni chai ya tangawizi na wajukuu watatu kitanda kimoja.

Mwalimu_Jeo
Turudi kwa Binti Himbi, aliuliza theluji. Dada yangu, hesabu iko hivi: ukipanda mita 1,000 baridi inaongezeka kama digrii 6. Goma iko karibu mita 1,500, Karisimbi ni mita 4,507. Usiku wa mvua hapa tukiwa na digrii 15, kule juu ni chini ya sifuri, na mvua ile ile inayokulowesha Himbi, kule inaanguka nyeupe. Jua likitoka inayeyuka upesi. Kwa hiyo wiki hizi unazozilalamikia ndizo zinakuletea theluji. Ya kuanguka Goma mjini usiisubiri. Ile tunayoona hapa wakati mwingine ni mvua ya mawe.

Binti_Himbi
Hata mara moja tu, mwalimu? 😔

Mwana_Goma_Bruxelles
Dada, niko Bruxelles mwaka wa sita, nikueleze. Nilipofika mwezi wa 11 nilikuwa kama wewe. Kila asubuhi nafungua pazia nikitafuta nyeupe. Nakuta mvua. Mvua nyembamba, inakuja ya ubavu kwa sababu ya upepo, mwavuli wangu wa kwanza ulivunjika siku ya pili pale Porte de Namur. Mwezi wa 12 jua linatoka saa mbili na dakika 40, na saa kumi na dakika 40 limeshazama. Unakwenda kazini giza, unarudi giza, umelowa. Digrii 5, digrii 6, wiki baada ya wiki. Hewa ya upande wa bahari ina vuguvugu kidogo, theluji inayeyuka kabla ya kufika chini. Mpaka upepo ugeuke utoke mashariki.

Majira yale ya kwanza haikuanguka kabisa. Nililia, kweli, kwa sababu nilimwahidi mama picha. Mwaka wa pili mfanyakazi mwenzangu akaniambia nipande Signal de Botrange, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote Ubelgiji, mita 694. Nikacheka, maana nyumba yetu ya Goma iko juu mara mbili ya hapo! Nikachukua treni mpaka Verviers, kisha basi. Nikashuka, imefika magotini. Kitu kilichonishika ni ukimya. Hakuna bati, hakuna upepo, hakuna tone. Inaanguka na husikii kitu. Nikampigia mama kwa video, akaniuliza kwa nini nimezima sauti.

Mtu_wa_Mutwanga
Msisahau theluji yetu wenyewe. Ruwenzori, kilele cha Margherita mita 5,109, na upande mmoja wa mlima ni wa Kongo. Sisi tunaita nzururu. Nilibeba mizigo ya wageni zamani: Mutwanga, Kalonge, Mahangu, Kiondo. Siku mbili matope na mvua bila kupumzika, nguo zote zimelowa, nilitaka kurudi. Asubuhi Kiondo nikatoka kwenye kibanda, mawe yote meupe. Nilidhani itakuwa laini kama pamba. Ilikuwa punje punje, kama chumvi nene iliyolowa. Nikaweka kidogo kwenye chupa nimpelekee bibi. Kufika Kalonge ni maji. Bibi aliyanywa hivyo hivyo, akasema yana baridi ya kwao.

Lakini barafu ile ya kudumu inakwisha. Mwaka 1906 ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6, leo haifiki hata 1. Anayetaka kuiona asichelewe.

Binti_Himbi
Aksanti sana ndugu yangu. Ile ya bibi nimemsomea mtoto mara mbili.

Mama_wa_Katindo
Nimefarijika kuwasoma. Aksanti Infirmier. Jina la yule binti ni Neema, nilitaka liandikwe mahali.

Mama_Deux_Fois
Neema. Tumelisoma, mama.

Motari_Ndosho
Imeanza tena upande wa Ndosho, nzito. Walio Himbi, toeni bidoni nje, inawafikia sasa hivi.

Binti_Himbi
Nimeshazitoa. Saa ya kuamka nimeweka saa kumi na moja na nusu, mtoto amesema nimwamshe aangalie mlima.